Amelia Halii

Nilimpiga kwa sababu ya unga. Wengine wakisimulia mambo yao ya aibu huzungukazunguka, mimi nasema tu: nilimpiga. Nilikuwa nimetwanga makopa ya muhogo tangu asubuhi, nimechekecha, nimeuanika unga kwenye jamvi, naye Amelia akapita katikati yake na miguu yake ya tope kana kwamba ile ni njia ya kisimani. Siku zile nilikuwa na hasira inayotafuta tu mahali pa kutua. Nikamchapa kofi. Akayumba, akakaa chini, akanitazama. Nikasema, ala, kumbe kiburi umerithi kwa mama yako! Nikamchapa la pili. Damu ikamtoka puani, ikashuka mpaka mdomoni, akailamba. Hakulia. Nikampiga la tatu, na hilo la tatu, Mungu anisamehe, halikuwa la unga tena. Nilitaka alie. Nilikuwa nampigia kelele, "Lia! Lia, we mtoto!" Na yeye amekaa pale kwenye unga wangu, miaka miwili na nusu, tumbo mbele, kidevu chekundu, ananitazama tu, anangoja nimalize.

Nikaacha kupiga. Mimi nimezaa saba, wakanibakia watano, na hakuna hata mmoja wao ambaye angepigwa vile asiamshe mji mzima.

Mimi ndiye Mwanakombo, Mama Ismaili. Kwetu ni Mikindani, na mdomo wangu ni wa huko huko. Niliolewa huku mtoni na Mohamedi, Mmakonde, mkulima wa korosho na muhogo. Kutoka mikorosho yetu ya mwisho mpaka Ruvuma hata jasho halikutoki, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Miaka ile Msumbiji ilikuwa inaungua. Mwaka wa sabini Wareno walikuwa wanachoma vijiji, watu wanavuka kwa mitumbwi, wengine kwa kuogelea, na wengine hawakufika. Wanaume wa kijijini kwetu walikuwa wakishuka mtoni kuwapokea. Basi Mohamedi wangu akaenda kupokea wakimbizi, akarudi na mke.

Ndiyo, mke! Esperanca, mjane, na mtoto mmoja mgongoni, huyo Amelia. "Mama Ismaili," mume wangu akaniambia, "mwanamke wa watu hana mtu, nitamwacha wapi?" Nikamwambia amwache pale pale alipomwokota, kisha nikamrushia mchi. Ulimpata begani. Hakushika jembe wiki mbili, na bado akamwoa.

Siku ile ya unga Esperanca alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilipomwona anakuja na ndoo kichwani nikaushika mchi, maana nilijua sasa ni vita. Mwanamke gani anamkuta mwanawe anachuruzika damu akakaa kimya? Akatua ndoo. Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akauangalia unga. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote, ungedhani anaongea ndani ya msikiti.

"Bi mkubwa," akaniuliza, "alilia?"

"Hakulia."

Akatabasamu. Wallahi alitabasamu! Akampangusa mtoto damu kwa pindo la kanga, akamkatia kipande cha muhogo, akampigapiga kichwani, namna unavyompongeza mtoto aliyeleta maji bila kuyamwaga. Nikauachia mchi ukaanguka. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na ningepigwa ningefurahi.

Tangu siku ile nikawa namchunguza yule mtoto. Chuki ya uke wenza nilikuwa nayo bado, nisidanganye, lakini Amelia alininyima raha. Haiti mtu. Haonyeshi kitu kwa kidole. Wanangu wakikimbizana uwanjani yeye amekaa ukutani, macho yanafuata kila mguu unaopita. Ukimwita jina hageuki. Majirani wakasema zezeta, wengine wakasema kiziwi, mama mmoja akasema lile ni jini la mtoni. Nikasema ngojeni. Nikachukua sufuria, nikasimama nyuma yake, nikaliachia juu ya jiwe. Kiziwi hasikii sufuria. Huyu alilala kifudifudi papo hapo, uso mchangani, na kwa viganja vyake viwili akajiziba mdomo. Alibaki hivyo mpaka nilipomwinua.

Mwezi uliofuata Josephu, jirani yetu, alikanyaga bomu lililotegwa kwenye njia ya mtoni. Lilimkata mguu chini ya goti. Wakambeba kupita mbele ya uwanja wetu, anapiga mayowe, na kaka yake nyuma ameushika ule mguu, kiatu bado kimo. Watoto wote wakalipuka kwa kilio, wangu wakaja kunikumbatia magoti. Amelia nilimkuta chini ya uchaga wa vyombo, kifudifudi, amejiziba mdomo. Na Esperanca, mtu mzima na akili zake, alikuwa amelala kando yake vile vile.

Nikawatoa. Nikamketisha bi mdogo jikoni, nikafunga mlango. "Leo utasema," nikamwambia. "Umemfanya nini mtoto huyu?"

Alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, nusu Kimakonde. Kijiji chao kilichomwa Amelia akiwa na wiki mbili. Baba yake alipigwa risasi mlangoni. Waliosalia, watu kama thelathini, waliishi porini miaka miwili, wanahama kila siku, na askari wanawatafuta kwa miguu. Askari wa miguu anasikia. Basi wanawake wakawa na utaratibu wao. Mtoto akifungua mdomo, kabla sauti haijatoka, unamfinya paja kwa kucha, kisha unampa ziwa. Unafanya hivyo tangu akiwa mchanga, mpaka anajua mwenyewe. Na haongeleshwi. Haimbiwi, hachezeshwi, haitwi hata jina.

"Kwa nini asiongeleshwe?" nikauliza.

"Ukimwongelesha atajibu," akasema. "Akijibu, tumekufa wote."

Nikamuuliza, na kama mtoto analia hata hivyo? Mama wa mtoto aliyelia, akasema, alikuwa anasimama na kuondoka naye. Haambiwi na mtu. Anakwenda mbali na wenzake, mbali ya kutosha, ili askari waifuate ile sauti. Mwenzake mmoja aliondoka hivyo mchana, na mtoto wa miezi minane. Walimsikia mtoto analia, wakasikia risasi mbili, basi. "Sisi tukapona," akasema. Akalifunua paja la Amelia anionyeshe kazi yake. Sikuwa nimewahi kulitazama vizuri. Makovu madogo ya kucha, mengi, na juu ya yale ya zamani palikuwa na mapya.

Nikalifunika lile paja kwa kanga yangu, nikatoka nje.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni, nikatembea mwendo wa saa nne mpaka zahanati. Pale palikuwa na mganga msaidizi, Gaudensi, kijana mpole mwenye miwani, sisi tukimwita dokta. Akamtazama masikio, akamtazama koo, akampigia makofi upande huu na ule. Akaniambia mtoto ni mzima.

"Mzima vipi na hasemi?" nikamfokea. "Kama dawa huna sema huna!"

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi! Hiyo ndiyo shida yenyewe, huyu amepunguziwa sauti tangu azaliwe!" Nikamweleza yote.

Akavua miwani. Akaniambia nikae. "Mama, mtoto hazaliwi na ubongo uliokamilika. Unajengeka, na unajengeka kwa kasi kubwa miaka hii ya mwanzo kuliko utakavyojengeka tena maisha yake yote. Na hauwezi kujijenga peke yake. Mtoto anatoa sauti, anajibiwa. Anacheka, unacheka. Anaonyesha mbuzi, unamwambia mbuzi. Kila akijibiwa, kitu kinaunganika humu." Akagusa paji la uso la Amelia, mtoto akarudi nyuma. "Huyu kila alipojaribu, alipata kucha. Si mjinga. Amefundishwa, na ameelewa vizuri mno."

"Sasa?"

"Sasa afundishwe upya, na mapema. Kila mwaka unaopita kazi inakuwa ngumu zaidi. Akifika umri wa shule yuko hivi, sitakudanganya, sijui."

Nikamuuliza nimwongeleshe mara ngapi kwa siku. Akacheka, akasema hii si dawa ya asubuhi na jioni. "Wakati wote. Na akitoa sauti yoyote, hata ya kukohoa, mjibu. Usiache hata moja bila jibu."

Haya, nikaanza. Mdomo huu watu walikuwa wanasema Mungu alimpa Mohamedi kama adhabu, sasa ukapata kazi. Nilimwongelesha nikitwanga, nikipalilia, nikichuma kisamvu. Nikamweleza huyu ni kuku, huyu ni jogoo, hana akili kama Baba Ismaili. Alikohoa, nikamwambia pole. Alipiga chafya, nikamjibu ukurasa mzima. Wanangu wakanicheka mpaka wakazoea, nao wakaanza. Miezi minne hakuna kitu. Nilikuwa nikilala koo linauma, namtukana Gaudensi na miwani yake.

Halafu siku moja kitoto cha mbuzi kikamlamba sikio, naye akasema, "Mh!" Sauti yake mwenyewe! Nikaruka. "Ndiyo, mbuzi! Amekulamba, mbuzi huyo!" Nikageuka kumwita mtu ashuhudie, nikavikuta vidole vya Esperanca tayari viko pajani, kucha zimezama.

Nilimshika nywele, nikamburuta mpaka uwanjani. Akaokota ukuni, akanipiga nao mdomoni, jino la hapa lilitoka siku hiyo. Nikampiga kichwa. Tukaanguka juu ya mafiga, akaungua mkono, nikaungua mgongo. Alipigana bila sauti, hata pumzi huisikii, mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele za wote wawili. Mohamedi akaja mbio, akamzaba bi mdogo kofi. Nikamgeukia yeye. "Wewe nani amekuita?" Nikamtandika na kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na tangu siku ile ugomvi wetu hakuutenganisha tena.

Tulipochoka tulikaa chini tunatema damu. "Bi mkubwa," akaniambia, "unamfundisha kufa."

"Hapa ni Tanzania," nikamwambia. "Hapa hakuna Mreno. Wamezuiwa na mto."

Nilisema hivyo, na niliamini. Akainuka, akaenda kuuosha mkono wake ulioungua. Lakini toka pale kucha zilipungua. Siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba anamnong'oneza mtoto jina lake sikioni, "Amelia," mara moja, haraka, kisha akatazama huku na huku kuona nani amesikia. Nikarudi kinyumenyume ili asinione. Nilianza kumpenda mwanamke yule, na sikumwambia.

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa sabini na moja tulikuwa tunaokota korosho, saa tano, jua kali. Wanangu walikuwa shamba la juu na baba yao. Ndege mbili zikatokea upande wa mto, chini kabisa, mpaka majani ya mikorosho yakageuka tumbo juu. Bomu la kwanza lilichukua nyumba ya Josephu, naye alikuwemo ndani na mguu wake mmoja. Mgambo walikuwa wametuchimbisha handaki kati ya mikorosho, tukajitumbukiza humo watu wanane, mmoja juu ya mwingine.

Bi mdogo alikuwa amempakata Amelia, na kiganja chake kimeziba mdomo na pua. La pili likaanguka karibu. Mchanga ukatumwagikia, mtu akapiga shahada, mtu akajikojolea. Nikaiona miguu ya mtoto inapiga. Inapiga, halafu inalegea.

"Unamuua!" nikamwambia. "Mwachie! Ndege haisikii, mwanamke! Ndege haina masikio!"

Hakunisikia. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa yananiona mimi, yalikuwa yanaona pori la ng'ambo. Nikamng'ang'ania vidole, vikakataa. Nikamuuma. Nilikiuma kidole gumba mpaka meno yakagonga mfupa na mdomo ukanijaa damu yake, ndipo kiganja kikabanduka. Mtoto akavuta pumzi, kifua kikajaa, akalia.

Alilia! Kilio cha miaka mitatu na nusu kilitoka kwa mara moja, mishipa ya shingo imesimama, ulimi unatetemeka. Na mimi, mjinga mimi, katikati ya mabomu yale nilifurahi. Nikamkumbatia, nikawa namwambia, "Ndiyo mama, lia, nakusikia, lia."

Esperanca alitutazama. Kisha akamtazama kila mtu mle handakini usoni, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemwambia kitu. Akanyoosha mikono amchukue mtoto, nikamnyima. Akamvuta mguu, nikamvuta bega. Halafu akaona kwamba simpi, akamwachia. Akajipandisha ukingoni kwa ule mkono unaochuruzika. Nikamshika kanga, ikanibakia mkononi.

Akakimbilia shamba la muhogo uliokwisha ng'olewa, peupe kabisa, na anakimbia huku analia. Ile sauti ndogo ya msikitini, sijui nyingine hii alikuwa ameificha wapi. Alilia kilio cha mtoto mchanga, kwa kusudi, kwa nguvu zake zote, anakipeleka mbali na sisi. Hapo nikaelewa anachofanya. Nikasimama ndani ya handaki, nikapiga ukelele, "Esperanca! Rudi! Rudi, hawasikii!" Alikuwa mbali tayari. Ndege moja ilikuwa inageuka juu ya mto. Waliokuwamo hawakusikia kilio cha mtu yeyote, waliona tu kiumbe kinakimbia mahali peupe. Ikashuka. Bunduki yake ikachimba ardhi kwa mstari mmoja, mstari ukamfikia, ukampita. Tulichokizika alasiri ile kilienea ndani ya kanga aliyoniachia.

Amelia alilia mpaka jua likazama. Akalia kesho yake, na keshokutwa. Majirani waliosema zezeta walikuja mlangoni kumsikiliza, nikawafukuza na ufagio. Baada ya kilio yakaja maneno. La kwanza lilikuwa mbuzi, kisha maji, kisha sitaki, na hilo la sitaki lilimpendeza akalisema kutwa. Ilipofika masika alikuwa anagombana na wanangu kwa mdomo. Nikampeleka zahanati. Gaudensi akamwuliza jina, akajibu, akamwuliza miwani hii ya nani, akamjibu ni yako wewe. Machozi yakamlenga. "Mama Ismaili, umemwokoa mtoto," akasema, akanipa mkono. Nilitaka kumzaba kibao. Nikambeba mtoto wangu nikaondoka.

Hakuwa amemtaja mama yake hata siku moja. Nikadhani amesahau, na nisiwafiche, nilikuwa namwomba Mungu iwe hivyo. Halafu siku moja, ameshatimiza miaka minne na ushei, tumekaa tunamenya muhogo, akasema bila kuinua kichwa, "Mama alilia."

Kisu kikanisimama mkononi. "Ndiyo," nikasema. "Alilia."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumwambia menya muhogo. Lakini mtoto huyu nilikuwa nimeapa kutomwacha bila jibu. "Alikuwa anawaita wale watu wabaya wamfuate yeye," nikamwambia, "wasije kwako."

Akafikiri. Akalibandua ganda refu, akalitazama, akaliweka chini.

"Walisikia?"

Mimi katika maisha yangu sijamficha mtu ukweli. Kuna watu kijijini hapa mpaka leo hawanisalimu kwa ajili hiyo. Nikamtazama mtoto, naye ananitazama, anangoja.

"Walisikia, mwanangu," nikamwambia. "Walimsikia vizuri kabisa."